Mgeni wa Saa Moja

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja tu, umelazwa juu ya ringi mbili za gari mbele ya kibanda cha kinyozi, na una tabia yake: mtu wa kushoto akiinuka bila kuaga, wa kulia anakwenda chini na kahawa yake. Wenye ubao ni wanne. Wembe ndiye kinyozi, anayeweza kumwacha mteja na nusu ya kichwa ili amalize ubishi. Spika ni fundi redio, hajasema jambo kwa sauti ya chini tangu atoke tumboni. Moto ni muuza kahawa, na jina hilo kalipata kwa kupiga kelele "moto, moto!" hata kahawa ikiwa imepoa. Wa nne ni Mzee Taipu, mpiga taipu mstaafu, miaka thelathini na minane kwenye ofisi za watu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na majivuno yasiyofungwa kwa chochote. Wanatazamana na bohari ya dawa iliyo ng'ambo ya barabara, ukuta mrefu na geti la chuma, na kwa siku tisa sasa hawakuwa na habari nyingine zaidi ya hiyo bohari.

Habari ni kwamba Mama Funguo kasimamishwa kazi. Huyo ndiye anayefungua bohari kila siku saa moja asubuhi na kuwasha swichi kubwa ya umeme, kwa sababu usiku huzimwa kila kitu isipokuwa chumba cha baridi. Mkuu wa bohari anasema kila ikifika saa moja, dakika ileile swichi inapopanda, mtandao wa ofisi unaandika kwenye orodha yake kwamba ameingia mgeni: kompyuta isiyojulikana, jina geni, na kesho yake jina jingine tena. Dawa ni dawa. Mkuu kaona hapo kuna mtu anaingizwa kupekua hesabu za bohari kabla watu hawajafika. Leo saa sita kikao kinakaa, na kikimtia Mama Funguo hatiani, anafukuzwa na faili linakwenda polisi.

Wembe: Mimi nimeshasema na nasema tena. Mgeni wa saa moja asubuhi hana fumbo. Ni mwanamume.

Spika: Mwanamume gani anakwenda kwa mwanamke na kompyuta?

Wembe: Mwenye akili. Angekwenda mikono mitupu angeonekana kafuata mapenzi. Akibeba kompyuta, anaonekana kafuata kazi. Ndiyo maana mimi namwita Bibi Alfajiri.

Spika: Wewe kichwa chako kimejaa nywele za watu. Hakuna mwanamume pale. Yule mama ananasa mawimbi! Umewahi kuona nywele zake anavyozifunga juu, zimesimama? Anapita pale kwenye swichi, umeme unapanda, mawimbi yanatafuta pa kutua, yanatua kwake. Mtandao unamwandika yeye mwenyewe. Antena yule!

Wembe: Antena! Ha! Moto, umesikia? Antena!

Moto alikuwa anasuuza vikombe na hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

Moto: Lakini si yuko nyumbani siku ya tisa leo? Nasikia mgeni bado anakuja.

Wembe: Anakuja nani?

Moto: Mgeni. Mlinzi wa getini kaniambia. Siku hizi anafungua yule bwana wa stoo, na saa moja mgeni yumo vilevile.

Spika: We! Haki ya Mungu?

Moto: Kanywa kahawa yangu akiwa anasema.

Kama wangekuwa watu wa busara, kesi ingeishia hapo kwenye ubao, na kikao kingepata nafasi ya kwenda kula. Lakini busara haikuwa imepanga kupita mtaa ule asubuhi hiyo.

Wembe: Ndiyo nilivyosema mimi! Kazoea njia! Kwani wahenga walisema nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Moto: Methali hiyo maana yake si hiyo.

Wembe: Ndiyo hiyo. Mgeni kaja. Mwenyeji hajapona. Yuko nyumbani.

Spika: Au basi kamwachia mawimbi ukutani. Ukuta unaweza kushika mawimbi miezi sita, mimi nimeshawahi kufungua redio ikatoa taarifa ya habari ya mwaka juzi.

Wembe: Mzee Taipu, mbona umejinyamazia? Wewe ndiye mwenye mtu.

Taipu: Mimi sina mtu.

Wembe: Si mpwa wako huyo?

Taipu: Wa mbali.

Alisema hivyo huku anapangusa miwani, ili asilazimike kumtazama mtu. Hiyo "wa mbali" alishaitumia tangu siku ya pili, na ilikuwa inateleza vizuri zaidi kila akiitumia. Ukweli ni kwamba Mama Funguo ni mtoto wa dada yake, dada wa tumbo moja. Dada alipougua, binti alikaa kwa mjomba miaka mitatu, akajifunzia kusoma kwenye vitufe vya taipu yake, amekaa mapajani mwake. Lakini Mzee Taipu anaishi kwa heshima yake. Watu humletea barua za maombi na za mashtaka kwa sababu wanamwamini, na aliogopa wakisikia mtuhumiwa wa bohari ni damu yake watazipeleka kwingine. Aliogopa, basi. Usiku alikuwa anajiambia ni tahadhari, asubuhi akijua kuwa ni woga.

Na kulikuwa na jambo jingine linalomchoma. Mwezi uliopita bohari ilinunua vidude vitatu vya milangoni, vile vinavyosoma kadi za wafanyakazi, na akatafutwa mtu wa kuandika majina ya vidude hivyo kwenye kompyuta, kwa sababu majina yenyewe yalikuwa mchafuko wa herufi na namba. Mama Funguo ndiye aliyekwenda kwa mkuu akamwambia: "Mchukueni mjomba wangu. Hajawahi kukosea herufi." Akachukuliwa. Aliandika asubuhi moja, akapewa asante na soda.

Spika: Haya, wa mbali au wa karibu, nadharia yako ni ipi?

Taipu: Mimi sisemi habari za mtu. Nasema habari za maandishi. Ulimwengu wa leo unaharibika kwa sababu watu hawajui kuandika. Mtu anagonga kwa dole gumba kama anayeua chawa! Ukiona mashine imekosea, mtafute aliyeiandikia. Mle ndani kazi isiyo na doa ni ile niliyofanya mimi. Vidole hivi, bwana! Chanda chema huvikwa pete.

Moto: Hiyo nayo wanaambiwa wanaotaka kuoa.

Taipu: Imeanzia kwa wapiga taipu.

Hapo ndipo lilipofunguka geti la bohari, akatoka mwanamke mwenye mkoba wa kijivu na karatasi mkononi, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Mlinzi alikuwa ameshawaambia habari zake: ni fundi wa mitandao, kaletwa jana, wanamwita Waya. Akaketi mwisho wa ubao kwa uchovu wa mtu aliyegombana na kitu kisichojibu, na upande wa pili Spika akapanda juu kidogo.

Waya: Kahawa. Usitie kitu.

Wembe: Pole na kazi, fundi. Umemkamata?

Waya: Nani?

Wembe: Mwanamume.

Waya: Mwanamume gani? Hebu niacheni ninywe.

Walimwacha anywe mafunda mawili, ambayo kwao ni subira ya mwaka.

Spika: Sisi hatutaki siri za ofisi, dada. Sisi tunataka kujua tu ni nani anaingia.

Waya: Sikilizeni. Kila chombo kinachoingia mtandaoni kina jina lake la kuzaliwa. Simu, kompyuta, kila kitu. Si jina la kununulia dukani, ni la chombo kile peke yake: alama kumi na mbili, mbili mbili, na kati ya kila mbili kuna nukta pacha, moja juu moja chini.

Wembe: Ala! Simu yangu ina jina?

Waya: Inalo.

Wembe: Miaka mitano naiita "simu"! Jamani!

Waya: Sasa vile vidude vya milangoni havikuandikwa jina ndani. Jina liko kwenye kibandiko mgongoni, na mtu inabidi aliandike kwenye faili. Kidude kikipata umeme, kiini chake kinaamka, kinakwenda kwenye lile faili...

Moto: Kiini? Kama cha yai?

Waya: Kiini cha mfumo. Ile programu inayoamka ya kwanza na kuziamuru nyingine zote. Hicho kiini ndicho kinachosoma jina, alama moja baada ya nyingine. Sifuri mpaka tisa kinakubali. Herufi a mpaka f kinakubali. Mwisho. Ukiweka g, kinakataa. Ukiweka kistari mahali pa nukta pacha, kinakataa.

Spika: Kinairuka hiyo g, kinaendelea.

Waya: Kinakataa jina zima.

Spika: Zima!

Waya: Lote. Kinakagua alama zote kumi na saba kwanza, pamoja na zile nukta. Ikipungua moja, ikikosewa moja, hakichukui hata nusu.

Wembe: Loo! Mimi cheti changu cha shule wameniandika jina la mwanamke, na nimeishi nalo! Nimeoa nalo!

Waya: Wewe umeandikiwa na watu. Kiini hakina huruma hiyo.

Moto: Kikikataa, kinasema kimekataa wapi?

Waya: Hapo ndipo kinaponiua. Kinasema hapana, basi. Hakisemi herufi gani, hakisemi kwa nini. Halafu, kwa kuwa chombo hakikai mtandaoni bila jina, kinajibunia jina la kubahatisha. Kikizimwa, kikiwashwa tena, kinabuni jingine.

Moto alikuwa anammiminia Wembe. Kahawa ikajaa kikombe, ikavuka ukingo, ikaendelea kumwagika kwenye kandambili za Wembe, na hakuna aliyepiga kelele, hata mwenye miguu.

Moto: Subiri. Swichi inazimwa usiku. Inawashwa saa moja. Kwa hiyo mgeni...

Waya: Inawezekana ni mlango.

Spika: MLANGO?

Wembe: Mama yangu! Mwanamume wangu ni mlango?

Spika: Yaani mlango wa bohari unaamka kila asubuhi unajiita fulani, kesho unajiita fulani mwingine, na mtu anasimamishwa kazi?

Moto: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu haifiki! Kila siku kwake ni ya kwanza!

Hiyo ndiyo ilikuwa methali ya kwanza kukaa mahali pake asubuhi ile, na Moto mwenyewe akashangaa. Mzee Taipu furaha ilimjia bila hodi: mtoto wa dada yake hana hatia. Akaanza kutafuta namna ya kuirudisha ile "wa mbali" bila watu kuona anavyoirudisha.

Taipu: Basi kesi imekwisha, mwanangu. Nenda ukawaambie.

Waya: Haijaisha, mzee. Ndivyo nilivyodhani hata mimi. Vidude viwili vinasoma majina yao bila shida. Cha mlango wa mbele kinakataa lake. Lakini jina lake ni sahihi! Nimelichapisha hili hapa kutoka kwenye faili, nimeliweka kando ya kibandiko, nimelilinganisha herufi kwa herufi, mara nne. Alama kumi na saba. Nukta pacha tano. Hakuna g, hakuna kistari. Sahihi tupu!

Wembe: Sasa kwa nini kinakataa?

Waya: Hilo ndilo mkuu ataniuliza saa sita. Kama jina ni sahihi na kidude kinakataa kulisoma, basi kuna mtu kakifungua akakichezea. Mkuu hataki kusikia kwamba kiwanda kimemuuzia kitu kibovu. Anataka mtu. Na ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa kwa mtu mmoja.

Spika: Lahaula.

Waya: Sipendi, lakini nitasoma nilichokiona: jina ni sahihi. Saa ngapi?

Moto: Inakaribia tano na nusu.

Karatasi ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Wembe aliishika juu chini. Spika aliisogeza sikioni kidogo, kwa mazoea. Ilipofika kwa Mzee Taipu alivaa miwani, akaitambua kazi yake mwenyewe, mistari mitatu iliyonyooka, na kwa fahari ya kale akaanza kuusoma kwa sauti ule mstari wa mlango wa mbele.

Taipu: Tano, e. A, tatu. Sifuri, saba. C, moja...

Akasita. Mkono wake wa kulia ulikuwa gotini, na kama kawaida yake vidole vilikuwa vinapiga kile anachosoma. Hata kwenye misiba huyapiga magotini maneno ya anayehutubia. Aliposema "sifuri" kidole kilipanda juu kwenye safu ya namba. Aliposema "saba" kikapanda juu. Aliposema "moja" hakikupanda. Kilikaa palepale chini, kidole cha pete, kikagonga kwenye safu ya herufi.

Akarudia polepole. C, moja. Kidole kikagonga palepale.

Taipu yake, ile aliyofanyia kazi miaka thelathini na minane, haikuwa na kitufe cha moja. Zilikuwa nyingi za namna hiyo: namba zilianzia mbili, na aliyetaka moja aligonga l ndogo, kwa sababu karatasini zinafanana na hakuna mkuu wa ofisi aliyewahi kujua. Mwaka wa kwanza alikuwa anakumbuka kwamba anadanganya. Baadaye akasahau. Kidole kikaendelea peke yake, tarehe za barua, namba za majalada, vyeti vya ndoa, maelfu ya moja ambazo hazikuwa moja, na asubuhi ile pale bohari, mbele ya kompyuta yenye kitufe cha moja kinachomtazama, kidole kikaenda kwake kama punda anayejua nyumbani.

Aliona picha yote kwa mara moja: kiini kinaamka, kinasoma, tano, e, a, tatu, sifuri, saba, c, kinafika kwenye l, na l haimo kati ya a na f. Hapana. Kila siku saa moja. Hapana, hapana, hapana.

Na hakuna anayeona. Hilo nalo aliliona. Macho ya fundi yameshindwa mara nne. Akiirudisha karatasi na kusema "sahihi," dunia nzima itakubali, na yeye atakuwa bado mtu ambaye hajawahi kukosea herufi. Niseme ukweli wake: aliinua mkono airudishe ile karatasi. Aliinua kabisa.

Moto: Basi maskini Mama Funguo amekwisha.

Taipu: Hiyo si moja.

Waya: Unasemaje, mzee?

Taipu: Hapa. C na hiki kinachofuata. Si moja. Ni l. L ya lala.

Waya aliinyakua karatasi, akaisogeza puani, akaiweka mbali, akaigeuza kwenye mwanga.

Waya: Mbona mimi naona moja? Umejuaje?

Taipu: Niliandika mimi.

Waya akaishusha karatasi.

Spika (kwa sauti ya chini, Mungu ni shahidi): Wewe?

Taipu: Taipu yangu haikuwa na moja.

Wembe: Taipu haina moja? Inahesabuje? Inaanza na mbili?

Taipu: Inaanza na mbili. Moja tulikuwa tunaazima kwenye herufi. Kidole kimezoea. Vile vidude vingine viwili majina yao hayana moja. Hiki kinayo. Hiyo moja ndiyo... Ni mimi. Kuanzia mwanzo ni mimi.

Wembe: Kidole gani?

Mzee Taipu akakiinua. Wembe akakitazama kile kidole cha pete, chembamba, kimepinda kidogo kwenye ncha, akafungua mdomo alete methali, na kwa mara ya kwanza tangu kibanda kijengwe, hakuipata.

Waya: Mungu wangu! L! Macho yangu yanasoma moja kwa sababu natarajia moja! Na kiini hakitarajii kitu, kinasoma kilichoandikwa! Jana asubuhi mpaka leo! Ningelifuta nikaliandika upya mara moja tu ningejua!

Akainuka ghafla, na ubao ukafanya kazi yake. Spika akaenda chini na kikombe. Fundi hakugeuka. Alikuwa ameshafika katikati ya barabara alipopiga kelele, huku gari limesimama kumpisha.

Waya: Mzee, uje! Wataniuliza nani aliandika! Usinitume peke yangu!

Wakabaki wanne, mmoja akiwa mavumbini. Spika alijikung'uta, akakaa, akashika kichwa. Walishtuka kwa namna ambayo walikuwa hawajawahi kushtuka kwa nadharia zao wenyewe, na zile nadharia zilikuwa kubwa. Herufi moja. Siku tisa. Mtu nusura afungwe. Kisha, kama maji yanavyorudi kwenye shimo, maneno yakarudi.

Wembe: Lakini mimi nilisema. Si nilisema? Yule mama ni mtu safi.

Spika: Mimi ndiye niliyesema ni mitambo! Nani alisema mitambo hapa? Mwanamume alisema nani?

Wembe: Nilisema kwa mzaha.

Spika: Siku tisa za mzaha?

Wembe: Mzee Taipu, usijitese, bwana. Kuteleza si kuanguka.

Moto: Aliyeanguka ni mwingine.

Mzee Taipu hakuwasikia vizuri. Alikuwa anatazama geti, na getini alikuwa amesimama mpwa wake. Kavaa blauzi aliyoipiga pasi mpaka mikunjo inakata kama karatasi, faili la kikao kwapani. Fundi alikuwa amemshika mikono yote miwili, anamwambia neno, anaonyesha kijiweni, kisha akakimbilia ndani. Mama Funguo akasimama pale kidogo. Akajifuta uso kwa kiganja, akavuka.

Kwa siku tisa alikuwa akipita upande wa pili.

Wembe: Mama Funguo! Karibu, karibu sana! Moto, mpe kahawa, mpe kikombe kizima kisicho na ufa! Keti, mama!

Mama Funguo: Siketi. Shikamoo, Mjomba.

Taipu: Marahaba, mama.

Mama Funguo: Fundi kanieleza. Nimefurahi, siwezi kuwadanganya. Usiku sijalala, nilikuwa nafikiria wanangu nitawaacha kwa nani. Mjomba, kaniambia pia ni wewe uliyesema. Ahsante. Najua ilikuwa vigumu kwako.

Mzee Taipu aliangalia chini. Angependa kutukanwa. Matusi angejua pa kuyaweka.

Mama Funguo: Ila nina swali moja dogo, halafu niende.

Spika: Uliza, mama! Uliza hata kumi!

Mama Funguo: Juzi binti yangu mdogo karudi shuleni analia. Namuuliza una nini, ananiuliza yeye: mama, antena ni nini? Wenzake wanamwita mtoto wa Antena. Nikamwambia ni kitu cha redio, akasema sasa mbona ni wewe. Nikasema hilo litakuwa limetoka mahali, watoto hawatungi vitu kama hivyo. Basi nawauliza kwa wema tu, maana leo hakuna ugomvi. Siku zote tisa, hapa kwenye ubao, mimi nilikuwa naitwa nani?

Spika akagundua kwamba suruali yake ina vumbi zaidi nyuma ya goti. Wembe alikumbuka mteja, akaingia kibandani, na kibandani hakukuwa na mtu. Moto alisema kahawa imekwisha, huku mkono wake umepinda kwa uzito wa chombo.

Mama Funguo: Mjomba? Wewe ulikuwa unaniitaje?

Mzee Taipu alivua miwani. Akaivaa. Akafungua mdomo, na kila neno alilolijua kwa miaka thelathini na minane lilipita likakataa kusimama. Vidole vilikuwa vimetulia gotini.

Mama Funguo alimsubiri. Hakumsubiri kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Alipoona halitoki, akamshika mkono, akamwinua kwa uangalifu ili ubao usimwangushe mwenzake.

Mama Funguo: Basi twende, kikao kinaanza. Ndani utawaambia lile la herufi. Hili lingine utaniambia njiani.

Wakavuka pamoja, yeye mbele, mzee nyuma kidogo. Barabara ile si pana, hatua ishirini na kitu. Walifika getini, mlinzi akafungua, wakaingia, na Mzee Taipu alikuwa bado hajasema.